Beking Pauda Ikiadimika, Usizime Jiko

"Mimi ni mdogo wako wa Makote, huku Newala. Napika keki na hafukeki, nauza shuleni na kwenye sherehe. Siku hizi beking pauda naipata kwa kubahatisha, na kopo nililonunua mara ya mwisho keki zake hazipandi, zinatoka bapa na nzito. Jirani ameniambia nitie magadi, yanafanya kazi ileile. Mama anasema niachane na keki nipike maandazi. Nifanyeje?"

Mama yako hajakosea, maandazi hayajawahi kumtupa mtu. Lakini wewe umeshajenga jina kwa keki, na jina halijengwi mara mbili. Kwa hiyo tukae tuliangalie hili vizuri, maana si wewe peke yako. Ninyi mlioko juu ya tambarare ya Makonde mnajua jinsi bidhaa zinavyosafiri: zinashuka Masasi kwanza, pale barabara zinapokutana, ndipo zinapanda Newala. Gari likigoma njiani au mwenye duka akichelewa kuagiza, wewe ndiye unayebaki na bakuli la unga na oda ya mtu.

Jambo moja nataka tuliondoe kwanza. Wengi mnaoniuliza habari za vibadala mnauliza kwa sauti ya chini, utadhani mnataka kupitisha magendo. Jamani, hiyo beking pauda ya dukani yenyewe ilizaliwa ikiwa kibadala. Mwaka 1843 mkemia mmoja wa Birmingham, Uingereza, Alfred Bird, aliitengeneza kwa sababu mkewe Elizabeth hakupatana na hamira. Miaka michache kabla, mwaka 1837, alikuwa ameshamtengenezea kastadi isiyo na yai, kwa sababu mayai nayo yalimdhuru. Mume alitazama hamira inafanya kazi gani kwenye mkate, kisha akatafuta kitu kingine cha kuifanya kazi hiyo. Nami ndicho nitakachokufundisha leo. Ukijua kazi ya kitu, kikikosekana utajua pa kukitafuta.

KAZI YAKE NI IPI?

Ndani ya kopo la beking pauda kuna vitu vitatu tu. Kuna beking soda. Kuna asidi iliyokaushwa ikawa unga. Na kuna wanga, mara nyingi wa mahindi, kazi yake kuwatenganisha hao wawili na kunyonya unyevu wasije wakaanza kazi humo humo koponi. Soda na asidi zikikutana kwenye majimaji zinatoa hewa ukaa. Hewa hiyo inatengeneza vipovu ndani ya rojo, moto unavipanua, yai na unga vinaganda kuvizunguka, na hapo ndipo keki inapoumuka.

Ukitia soda peke yake bila asidi, itaumua kidogo kwa sababu ya joto, lakini inaacha nyuma ladha ya sabuni na rangi ya manjano iliyokolea. Ukizidisha asidi, keki inakuwa chachu. Kwa hiyo siri yote ni kuwapatanisha hawa wawili kwa kipimo.

Sasa chukua kopo lako la zamani ulifanyie mtihani kabla hujalitupa. Tia nusu kijiko cha chai kwenye bilauri, mimina maji ya moto kiasi cha robo bilauri, kisha sikiliza. Ikiwa nzima, utasikia inachemka kwa kelele na povu litapanda juu. Ikitoa vipovu viwili vitatu vya uvivu kisha ikatulia chini na kuwa tope jeupe, imekufa, na kuzidisha vijiko hakutaifufua. Kinachoiua zaidi ni unyevu. Newala na ukungu wake wa asubuhi, na mvua za kuanzia Desemba mpaka Aprili, kopo likikaa wazi jikoni halidumu. Ukinunua ile inayopimwa kwenye vifuko kutoka kopo kubwa la dukani, uliza kopo limefunguliwa lini.

Beking soda yenyewe ina roho ngumu zaidi, inakaa muda mrefu bila kuharibika. Ipime kwa matone ya limao: ikifoka papo hapo, unayo silaha.

NJIA YA KWANZA: SODA NA LIMAO

Hii ndiyo ya haraka, na limao halikosekani Masasi wala Newala. Kipimo chako kiwe hiki: kila kikombe kimoja cha unga wa ngano, robo kijiko cha chai cha beking soda na kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limao. Vijiko vyote vifutwe juu kwa mgongo wa kisu, visiwe vya kilima. Watu wengi wanatia nusu kijiko cha limao tu kisha wanashangaa keki inanuka soda. Limao hilo halikutosha kuimaliza soda.

Keki ya vikombe viwili iende hivi. Chapa nusu kikombe cha siagi na robo tatu ya kikombe cha sukari mpaka iwe nyeupe na laini. Tia mayai mawili, moja moja. Pembeni, chekecha unga vikombe viwili na nusu kijiko cha chai cha beking soda na chumvi kidogo. Kwangua ganda la limao kabla hujalikamua, ulitie humo, litaipa keki harufu. Kisha chukua robo tatu ya kikombe cha tui la nazi, uchanganye na vijiko viwili vya chakula vya maji ya limao. Tia unga na tui kwa zamu, koroga kwa mwiko kidogo tu mpaka unga usionekane, halafu acha. Ukiendelea kukoroga unaitoa hewa uliyoitafuta.

NJIA YA PILI: MTINDI, KOROSHO NA UBUYU

Ukiwa na mtindi, nusu kikombe chake kinatosha robo kijiko cha chai cha soda, na huhitaji limao tena. Unapunguza tu maziwa au tui kwa kiasi hichohicho. Lakini najua huku kwenu ng'ombe ni wachache, na mtindi wa dukani ni ghali. Haya, angalia ulichonacho.

Unazo korosho. Loweka korosho nyeupe zilizokwisha kubanguliwa, kikombe kimoja, kwenye maji ya moto kwa saa moja. Zimwage maji, zisage au zitwange laini na maji safi vikombe viwili, chuja kwa kitambaa. Hayo ni maziwa mazito, yana mafuta yake mwenyewe, na keki inayopikwa nayo inakaa laini mpaka kesho yake. Kila nusu kikombe cha maziwa hayo kitie kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limao, kiache dakika tano hadi kumi, ndipo ukitumie mahali pa mtindi. Tumia korosho zilizobanguliwa vizuri tu. Usimtume mtoto akabangue mbichi kwa kisu kwa sababu unataka keki: mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi, na mabaki yake kwenye chakula si ya kuchezea.

Unao ubuyu. Mbuyu kule Afrika Kusini na Australia una jina la utani la mti wa krimu ya tata, na krimu ya tata ndiyo asidi ambayo wapikaji wa zamani waliiweka kwenye beking pauda. Ule unga mweupe unaozunguka mbegu ni mchachu kweli, una asidi kama ya ndimu na nyinginezo. Ila ni dhaifu kuliko limao ukilinganisha kijiko kwa kijiko, kwa hiyo anza na vijiko viwili vya chakula vya unga wa ubuyu kwa kila robo kijiko cha chai cha soda. Uvuruge kwenye tui, uchuje nyuzi, ndipo utie. Onja rojo kabla ya kuoka: likiwa na uchachu kwa mbali uko salama, likiwa na ladha ya sabuni ongeza ubuyu. Na nimesema ubuyu mweupe. Ule mwekundu wa kumung'unya, uliokwisha kutiwa sukari na rangi, waachie watoto.

Na msimu wa korosho ukifika, mabibo yatakuwa yanaoza chini ya mikorosho. Maji yake yana asidi kidogo, basi yatumie mahali pa maji au tui lote, halafu ongeza limao nusu ya kipimo cha kawaida. Ukakasi wake unaondoka ukikoroga humo wanga wa muhogo au uji mwepesi wa mchele, ukauacha utulie, ukamimina maji ya juu taratibu. Kamua na upike siku hiyohiyo. Ukiyaacha mpaka kesho yatakuwa yanaelekea kuwa uraka, na hapo utapata wageni ambao hawakufuata keki.

NJIA YA TATU: KOPO LAKO MWENYEWE

Hii ni ya wewe mwenye biashara, unayetaka kitu kikavu cha kuweka kabatini na kutumia kwa kijiko kilekile ulichozoea. Unahitaji beking soda, ndimu ya unga, yaani ile chenga nyeupe wanayotia wapika achari na urojo, na wanga wa muhogo.

Wanga unautengeneza hivi. Chukua muhogo mtamu uliochimbwa leo, menya, osha, kwangua kwenye kikwangulio. Tia maji, vuruga kwa mkono, kamua kwenye kitambaa safi juu ya bakuli. Maji yatatoka meupe. Yaache yatulie saa tatu au nne, na chini utakuta tabaka gumu jeupe, ukiligusa linateleza na kulia kwenye vidole. Hilo ndilo tunalolitaka. Mwaga maji ya juu, mbali na mbuzi na kuku, tia maji mengine, vuruga, yatulie tena, mwaga. Kisha anika wanga juani kwenye sinia, ufunike kwa chandarua usipate vumbi, mpaka uvunjike wenyewe kuwa unga. Usitumie muhogo mchungu kwa kazi hii. Mkoa wetu wa Mtwara umewahi kupata wagonjwa wa konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, kwa hiyo kwenye muhogo tusifanye mzaha.

Kipimo ni rahisi kukariri: nne, tatu, tisa. Vijiko vinne vya chai vya beking soda, vitatu vya ndimu ya unga, tisa vya wanga. Ndimu ya unga isage kwanza iwe laini kama soda, isiwe chenga. Tandaza wanga kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo sana kwa dakika chache, uondoe unyevu wa mwisho, kisha uache upoe kabisa. Ukiuchanganya ukiwa wa moto umejiharibia. Chekecha vyote pamoja mara tatu, tia kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, bandika karatasi yenye jina na tarehe. Tumia kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe cha unga, kama ile ya dukani. Tengeneza kidogo kidogo, ya wiki mbili tatu, na kila ukitaka kuitumia ifanyie ule mtihani wa maji ya moto.

KUHUSU MAGADI YA JIRANI

Jirani yako ana nia njema, lakini hapana. Magadi yale ya mabonge, yanayotoka kwenye maziwa ya bonde la ufa kama Natron huku kwetu na Magadi kule Kenya, ni ndugu wa beking soda, ila ni makali kuliko nduguye. Yanalainisha maharage na kisamvu, hiyo ndiyo kazi yake na yanaifanya vizuri. Kwenye keki yanaleta uchungu, harufu ya sabuni na rangi ya kahawia isiyotakiwa. Tena hayana kipimo: bonge hili si sawa na lile, na baadhi yake yana floraidi nyingi, ile inayoharibu meno ya watoto. Ndiyo maana sikushauri uyatie kwenye kitu ambacho watoto wa shule watanunua kila siku.

Na kuna unga mwingine mweupe ninaouogopa zaidi: kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Siku hizi vikundi vya akina mama vya sabuni viko kila mtaa, na mtu anahifadhi kostiki kwenye kopo la kahawa, rafu ileile ya jikoni. Mdogo wangu, kostiki inaunguza koo na tumbo. Isikae jikoni kabisa. Ikitokea mtoto ameionja, msuuze mdomo kwa maji, usimtapishe, mkimbize hospitali. Na wewe ukinunua soda kwenye kifuko kisicho na jina, usiitumie. Usikubali kuambiwa tu kwamba ni "magadi soda", maana jina hilo madukani linabeba vitu zaidi ya kimoja. Nunua pakiti iliyoandikwa kwamba ni ya chakula.

MOTO UWE UMESHAKAA

Beking pauda nyingi za dukani zinafanya kazi mara mbili: mara ya kwanza zikiguswa na maji, mara ya pili zikiguswa na joto. Za kwetu za limao na ndimu zinafanya kazi mara moja tu, na zinaanza pale pale unapozilowesha. Ukichanganya rojo kisha ukaenda kuwasha mkaa, ukirudi hewa yote imeshaondoka.

Kwa hiyo anza na jiko. Sufuria kubwa, mchanga mkavu tabaka la vidole viwili chini, kifuniko, mkaa chini na mkaa juu. Chombo cha keki kiwe kimepakwa mafuta na kimekaa karibu. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, maana chini mchanga unahifadhi joto. Ukisogeza mkono karibu na mchanga na ukashindwa kuvumilia joto, basi sasa changanya vikavu na vibichi, mimina, weka, funika. Usifunue kabla ya dakika ishirini na tano. Kila ukifunua kuchungulia, hewa baridi inaingia na keki inabonyea katikati. Kisha choma kwa kijiti: kikitoka kikavu, epua.

SASA TUZUNGUMZE BIASHARA

Mteja wako ana haki ya kujua anakula nini. Ukitumia korosho, mwambie kabla hajalipa, hata kama sisi tumekua nazo na tunaona ni ajabu mtu asiweze kuzila. Wapo wanaovimba midomo na kubanwa pumzi kwa kipande kidogo. Wala usiitoe beking pauda yako nje ya jiko lako. Kuitumia kwenye keki zako ni jambo moja, kuifungasha na kuiuza ni jambo jingine. Ukifikia hapo, nenda ofisi za SIDO mkoani, watakuelekeza namna ya kuanza safari ya alama ya TBS.

Bei usishushe kwa sababu umetumia kibadala. Umekwangua muhogo, umeanika, umechekecha: hiyo ni kazi. Lakini usipandishe pia kwa maneno ya "ya asili kabisa" ukamfanya mtu aamini ni dawa. Ni keki. Na mwenye presha akikuuliza, mwambie ukweli kwamba soda ina chumvichumvi yake, ale kipande kidogo.

Mama naye msikilize kwa jambo moja: siku ambayo huna soda, huna ndimu, na huna uhakika, pika maandazi kwa hamira yako uuze. Kurudi kwenye unachokijua kwa siku moja si kushindwa.

Jumamosi hii ambayo huna oda, pika keki mbili ndogo za kikombe kimoja kimoja, moto mmoja, moja kwa soda na limao, nyingine kwa ile ya nne-tatu-tisa. Zikate zikiwa zimepoa. Angalia matundu ya ndani: yakiwa madogo na yamesambaa sawasawa, umepata. Yakiwa makubwa upande wa juu na chini pameshikana, ulichelewa kuiweka motoni. Onja, kisha mpe mtu asiyekupenda sana aonje, kwa sababu anayekupenda atakusifia tu. Andika vipimo vilivyokubali kwenye daftari, uandike na jiko ulilotumia. Halafu rudia Jumamosi inayofuata. Zikitoka sawa mara zote mbili, ndipo upokee oda ya harusi.